Kuongeza nguvu ya hita na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele: Beetle ya 1969

Muulizaji

Wadau, salaam. Ninayo Volkswagen Beetle ya 1969 yenye injini ya 1500 na umeme wa volti 12. Gari linatembea vizuri, isipokuwa asubuhi za baridi na siku za mvua kioo cha mbele hujaa ukungu kwa ndani, na hewa inayotoka kwenye matundu ya chini ya kioo ni hafifu mno kiasi kwamba nikishika kipande cha karatasi mbele yake hakitikisiki. Nikiwa kwenye mwendo wa kasi hewa huongezeka na joto hufika, lakini nikiingia kwenye foleni kila kitu hukatika, na hulazimika kufuta kioo kwa kitambaa huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Nafikiria kufunga feni ndogo za umeme kwenye mipira ya hewa (mabomba laini yanayopitisha hewa ya hita), au kuweka hita ya umeme chini ya dashibodi, au kuachana kabisa na mfumo wa asili na kufunga hita inayochoma petroli. Naomba ushauri juu ya njia ipi inafaa, na kama ni feni, ikae sehemu gani hasa.

Fundi Hewa

Ndugu muulizaji, ulichokieleza kuhusu foleni ndicho kiini cha tatizo. Katika gari hili feni inayopooza injini ndiyo hiyo hiyo inayosukuma hewa ya hita, na kwa kuwa inazungushwa na mkanda pamoja na dainamo, injini ikipunguza mzunguko hewa nayo hupungua. Kuanzia magari ya mwaka wa 1963, hewa ya kabini haitoki tena juu ya silinda: huchukuliwa ikiwa baridi kutoka kwenye nyumba ya feni, yaani kasha linaloizunguka, hupita kwenye mipira miwili hadi kwenye vibadilisha joto vinavyozunguka bomba za ekzosi za silinda namba 1 na 3, kisha huingia kwenye njia zilizo ndani ya boriti za chini ya milango na kupanda hadi kwenye kioo. Kwa kawaida joto lenyewe lipo. Kinachokosekana ni msukumo.

Kwa hiyo feni za umeme zinafaa, lakini zifungwe upande wa baridi, yaani kati ya nyumba ya feni na kibadilisha joto, moja kila upande. Ukizifunga baada ya kibadilisha joto, zile za plastiki, kama zinazotumika kutoa mvuke kwenye vyumba vya injini za boti, zitalegea kwa joto na hatimaye kuyeyuka. Chagua zenye kipenyo kinacholingana na mpira wako, kwa sababu feni iliyozimwa nayo ni kizuizi, na ikiwa nyembamba utapoteza hata ile hewa uliyokuwa ukiipata barabarani. Usichomoe mipira kwenye nyumba ya feni na kuacha matundu wazi, maana hewa iliyokusudiwa kupooza silinda itatokea hapo.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, jaribu hili: funga matundu ya miguuni mbele, kisha shusha ule wenzo wa kushoto kando ya breki ya mkono unaofungua matundu ya nyuma, uache wa kulia tu ukiwa juu. Hewa yote italazimika kupanda kwenye kioo.

Mchomeleaji

Sikubaliani na utaratibu wa kuanza na feni. Feni ikiongeza msukumo katika mfumo uliooza, itakachofanya ni kusukuma hewa nyingi zaidi nje kupitia kutu, au, jambo baya zaidi, kuleta kabini moshi wa ekzosi kwa kasi zaidi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na dereva huanza kwa kuumwa kichwa tu akidhani ni uchovu.

Fungua vibadilisha joto kwanza. Chungulia ndani ya mdomo wa mpira wa hewa: ukikuta masizi meusi, bomba la ndani limetoboka na hakuna haja ya mjadala. Ukikuta ni safi, bado ziba ncha za bomba la ekzosi, ingiza upepo wa kompresa kwa shinikizo dogo, uzamishe chombo chote ndani ya maji na uangalie mapovu. Yakitokea ndani ya koti la hewa, usikichomelee. Tafuta kingine, na kiwe na mapezi ya alumini kuzunguka bomba, kwa sababu vipo vya bei rahisi ambavyo ndani ni bomba tupu na havitoi joto la maana.

Kisha gonga boriti za chini ya milango kwa bisibisi. Hizo ndizo njia za hewa, na pia ni sehemu ya nguvu ya bodi. Zikihitaji kubadilishwa, weka vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa milango kabla ya kukata, la sivyo milango haitafunga tena.

Umeme wa Gari

Mimi niseme kuhusu hita ya umeme, ambayo ningeiondoa kwenye orodha. Hita ya wati 150 huvuta ampia 12.5 kwa volti 12, ilhali dainamo yako hutoa takribani ampia 30 ikiwa kwenye mzunguko wa juu, na kwenye foleni karibu haitoi kitu. Ongeza taa, waipa na koili, utakuta betri ndiyo inayolipa. Na wati 150 kwa kioo kizima ni kama kupuliza kwa mdomo.

Feni mbili za ampia 4 au 5 kila moja zinavumilika, hasa ukibadilisha dainamo kwa altaneta ya ampia 50 au 55. Tumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayowashwa na swichi ya gari, fyuzi ya ampia 15 karibu na betri, na waya wa milimita za mraba 2.5. Hita ya petroli hufanya kazi vizuri sana, lakini ina bomba lake la moshi na njia yake ya mafuta, na mimi nisingeifunga bila mtu anayeifahamu.

Muulizaji

Nashukuru. Nimefunga matundu ya miguuni kama nilivyoelekezwa, na karatasi sasa inatikisika kidogo upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ni kimya kabisa.

Fundi Hewa

Basi lala chini ya gari huku mwenzako akivuta wenzo wa kulia, uangalie kama mlango mdogo wa kisanduku cha hewa cha kushoto, kilicho mwishoni mwa kibadilisha joto, unafunguka. Mara nyingi kebo huwa imekatika au imeshikwa na kutu ndani ya mrija wake. Ukifunguka vizuri, sogea kwenye mpira unaounganisha kisanduku hicho na bodi. Huo huchanika upande wa juu, mahali ambapo huwezi kuona bila kuupapasa kwa mkono. Ukiubadilisha, weka unaohimili joto kali.

Tazama pia kama temostati iliyo chini ya silinda 1 na 2, yaani kifaa kinachofungua njia ya hewa ya kupooza injini inapopata moto, bado ipo pamoja na vibao vyake ndani ya nyumba ya feni. Wengi huviondoa wakiamini injini itapoa zaidi, nayo huchelewa kupata moto, kwa hiyo hata ekzosi huchelewa kukupa joto asubuhi. Temostati nzima hufunguka kikamilifu kati ya nyuzi 65 na 70 za Selsiasi. Unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto. Ya Mchomeleaji kuhusu masizi nayafuata: kagua hilo kabla ya kuagiza feni.