Tupeane uzoefu: Tunaochimba mchanga na changarawe kando ya mto, mnajipangaje kabla ya mafuriko?

Mchimbaji wa Mpiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Bei ya tripu ina uzi wake, hapa naomba tuongelee maji. Kila mwenye machimbo, tipa au nyumba karibu na machimbo aeleze anachofanya kabla mvua hazijaanza.

Naanza mimi. Niko upande wa Mto Mpiji, mpakani mwa Dar es Salaam na Bagamoyo. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo huo. Nimepima kwa kamba, nikapiga vigingi vyekundu, na dereva wa kijiko (mashine ya kuchimbia) anajua havivukwi. Matete na vichaka vilivyomo humo haviguswi.

Ila umbali peke yake hautoshi. Shimo likiwa na kina kirefu kuliko sakafu ya mto, siku ukuta wa udongo ukipasuka mto wote unahamia shimoni. Hapo madhara yanakwenda pande mbili. Upande wa juu, mto unaanza kujichimba kufuata kina kipya. Upande wa chini, mchanga wote umebaki shimoni, kwa hiyo maji yanayotoka hayana mzigo na yanakula kingo za watu. Kwa hiyo mimi nasimama juu ya usawa wa sakafu ya mto, kuta nazilaza, na upande wa chini wa shimo nimeacha mdomo uliopangwa mawe ili maji yakizidi yaingie taratibu bila kupasua kitu.

Dereva Tipa

Mkuu, umegusa shimo, mimi naongezea lundo. Kuna machimbo niliyokuwa napakia, mwenyewe alikuwa anarundika changarawe ukingoni, mlima mrefu sambamba na mto, ili tipa zisihangaike kwenye tope. Masika yakaingia. Mto ulipopanda ulikuta upande mmoja umezibwa, ukageukia ng'ambo. Migomba ya mama mmoja iliondoka na udongo wake, na choo kikafuata. Yeye hajawahi kuuza hata ndoo moja ya mchanga.

Tangu hapo nikifika machimbo mapya natazama kwanza malundo yako wapi. Yanatakiwa yakae juu, mbali na njia ya maji, na kama lazima yawe bondeni basi yaachiane nafasi maji yapite. Mapipa ya dizeli na kijiko chenyewe vilale mlimani kila jioni msimu wa mvua, hata kama mbingu ni nyeupe.

Mkaazi wa Makueni

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Huku Ukambani mito yetu mingi ni ya msimu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mvua inanyesha vilimani, sisi tuna jua kali, vijana wako ndani ya mto mkavu wanajaza lori, halafu maji yanashuka kama ukuta. Wengine wanakuwa wamechimba pango chini ya ukingo, na ukingo ukilowa unawaangukia.

Kikundi chetu kimekubaliana hivi: mtu mmoja anakaa juu ya mto na simu, mwingine ana filimbi huku chini. Pango haliruhusiwi. Na lori linaegeshwa likitazama njia ya kutokea.

Kaunti yetu ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na naiunga mkono kwa moyo wote. Mchanga ndio tangi letu la maji. Ukiumaliza, wakati wa mvua mto unapita kwa kasi, na wakati wa kiangazi huna pa kuchota.

Fundi Madaraja

Nitakuwa mfupi. Msingi wa nguzo ya daraja hupangwa kwa kina cha sakafu ya mto iliyokuwepo siku ya kupima. Sakafu ikishuka kwa sababu ya uchimbaji, msingi unabaki wazi, na mafuriko yanayofuata yanaukwangua kwa chini. Wenye machimbo karibu na daraja, pigeni alama ya rangi kwenye nguzo pale mchanga unapoishia. Ikianza kuonekana imepanda juu ya mchanga, simamisheni kazi mtoe taarifa. Mliokuwepo Kilosa mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 mnakumbuka mto ulivyoifanya reli.

Mama Kokoto

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote, nashukuru, lakini sisi wa kuponda na kuchekecha hamjatutaja. Tunakaa palepale ukingoni tangu alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, tajiri anaipata kwenye simu yake, anaondoa kijiko. Sisi tunajua kuna hatari tunapoona kijiko kinaondoka.

Nilipofanya kazi zamani niliambiwa mpango wa dharura upo, umo kwenye faili la leseni. Hakuna mponda kokoto aliyeuona. Nilipo sasa msimamizi anatuita asubuhi, anasema leo utabiri ni huu, njia ya kupandia ni ile, mtoto asivuke mti ule. Inachukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Tunaomba wote mfanye hivyo, na anayelipwa kwa ndoo asikatwe nafasi yake kwa sababu alikimbia maji.

Mchimbaji wa Mpiji

Marahaba dada, na asante. Kwangu tahadhari ilikuwa inaishia kwa msimamizi na madereva. Kuanzia kesho wapondaji wanaitwa pia, na njia ya kupandia tutaipaka chokaa.

Bado kuna mashimo ya zamani yaliyoachwa bila mwenyewe, yamejaa maji na watoto wanaogelea. Aliyewahi kufukia moja akishirikiana na serikali ya mtaa atueleze: udongo mlitoa wapi, na gharama mligawanaje?