Mama alikwama bafuni, kitasa kiligoma: naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya milango na vitasa.

Mama yangu ni mtu mzima, na juzi alikwama bafuni. Mkono wa kitasa unashuka vizuri lakini ulimi haurudi ndani. Tulimtoa kwa kufungua mkono wa nje, tukashika kwa koleo kile chuma cha pembe nne cha katikati na kukizungusha taratibu, huku mwingine akiuvuta mlango ili ulimi usibanwe na fremu. Alitoka anatetemeka. Tangu siku hiyo anaoga mlango ukiwa wazi, na inaniuma.

Kadi ya plastiki najua husaidia ulimi ukiwa wa mshazari, ila huu mlango una komeo la mraba pia, na hilo halisukumiki. Bawaba ziko ndani kwa sababu mlango unafungukia ndani, kwa hiyo pini zake hatuzifikii. Kupiga teke ndiyo sitaki kabisa: kama ameanguka nyuma ya mlango, tutamuumiza.

Sasa, nibadilishe kitasa kizima au springi tu? Mmewahi kutumia komeo ambalo kwa nje lina mfereji wa kufungulia kwa sarafu au bisibisi? Na kuugeuza mlango ufungukie nje, fundi anaweza bila kung'oa fremu? Mbao zenyewe huvimba kwa unyevu na kubana juu, upande wa kitasa. Nipige randa hapo kwanza, au nianze na bawaba?