Viboko vya kweli kwenye Njia ya Msalaba: mimi napinga

Tumsifu Yesu Kristo. Nachangia hoja ya mwenzetu wa Nyamagana, aliyependekeza kwamba vijana wanaoigiza Njia ya Msalaba, yaani ibada ya vituo kumi na vinne vya mateso ya Yesu, katika parokia zetu za Mwanza wachapwe viboko vya kweli, kwa kuwa huko Ufilipino waamini hupigiliwa misumari halisi kila Ijumaa Kuu na watu huguswa.

Sitaki kuwabeza Wafilipino. Katika kijiji cha San Pedro Cutud, mkoani Pampanga, yuko mchora mabango aitwaye Ruben Enaje, ambaye alianguka kutoka jengoni mwaka 1985 akanusurika, na kwa shukrani amekwisha kupigiliwa msalabani zaidi ya mara 30. Nadhiri ya mtu aliyerudishiwa uhai si ya kuchekwa. Hata hivyo, maaskofu wa huko huko hawaiungi mkono desturi hiyo, na tangu mwaka 1349 Papa Klementi VI alikwisha kuyakataza makundi yaliyozunguka Ulaya yakijichapa hadharani wakati wa tauni.

Nililoliona mimi ni dogo zaidi. Miaka michache iliyopita, katika parokia moja ya hapa, kijana aliyeigiza Yesu alipanda kilima cha mawe akiwa amebeba gogo la mkaratusi, na wenzake wenye kamba za katani, wakipandwa na mori kwa kelele za watu, wakaacha kuigiza, wakamchapa kweli. Tulipofika kituo cha kumi, Yesu anapovuliwa nguo, mimi ndiye niliyeishika kanzu yake: ilikuwa imegandamana na mgongo, na haikutoka bila ngozi. Nilipoinua macho, waliokuwa wakijibu sala walikuwa wamenyamaza, wameinua simu wanapiga picha.

Najua nitaulizwa kuhusu mahujaji wanaotembea siku nyingi hadi Namugongo, Uganda, kwa ajili ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, wakafika miguu imevimba. Lakini malengelenge yao huwapata njiani wakienda kusali, hawayatafuti, wala hakuna anayewashangilia yanapopasuka. Mpaka wangu uko hapo hapo.

Kwa hiyo, mwenzetu, naomba unijibu hili: kijana wa miaka kumi na tisa akipata pepopunda kwa jeraha tulilomtia sisi, ni nani kati yetu atakayekwenda kwa mama yake, na atamwambia lilikuwa la nini?