Nimeuziwa "suti ya kiangazi" Cape Town, nimetoka majini natetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa

Wakuu, nauandika uzi huu kwa hasira, mnivumilie.

Mimi mtoto wa Tanga, bahari nimezaliwa nayo. Huu mwaka wa pili nipo Cape Town kikazi, na nimeshikwa na ugonjwa wa kupanda mawimbi kwa ubao. Suti ya mpira ya kuzuia baridi majini nilikuwa nakodi tu pale ufukwe wa Muizenberg. Januari nikaona basi, ninunue yangu. Nikaingia duka moja (jina nalihifadhi), nikamwambia muuzaji waziwazi: nataka ya kuvaa ufukwe wa Big Bay. Jamaa akachungulia nje, akaona jua linawaka, akanitolea ya 2 mm, mikono mifupi, miguu inaishia magotini. "Kiangazi hiki, kaka, hii inakutosha." Ukutani wana jedwali la miezi na unene wa suti, nalo lina safu moja tu: Cape Town. Randi 1,800 zikanitoka.

Jumamosi nipo Big Bay. Joto nyuzi 30, mchanga unaunguza nyayo mpaka nikaingia majini mbio. Wimbi la kwanza likanipita kichwani, paji la uso likauma kama nimegongwa nyundo. Baadaye nikaangalia kwenye simu: maji nyuzi 11! Suti hizi zinashika maji kidogo kati ya mpira na ngozi, mwili unayapasha, unapata joto. Kwenye yangu maji yalikuwa yanaingilia shingoni yanatokea mapajani, kila wimbi linaniletea mapya kutoka kwenye friji. Nimekaa dakika 12. Kufika kwenye gari, vidole vimegoma kuzungusha ufunguo. Zipu ya mgongoni nimefunguliwa na mtoto wa miaka kama kumi, mwenyewe kavaa 4/3 (yaani mm 4 kiwiliwili na 3 mikononi na miguuni) na viatu vya mpira, ananitazama kwa huruma. Mtoto!

Mzee mmoja aliyekuwa anapaka nta ubao wake ndiye aliyenielewesha, baada ya kumaliza kucheka. Upande ule wa Atlantiki, ilipo Big Bay, maji yanakuwa baridi zaidi kiangazi. Upepo wa kusini-mashariki, wenyewe wanauita Daktari wa Rasi, unasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, halafu yale ya kilindini yanapanda kushika nafasi. Ukivuma siku mbili tatu mfululizo, unaoga barafu. (Daktari huyo nusura anipeleke kwa daktari mwingine.) Kipupwe upepo unageuka, unatoka kaskazini-magharibi, maji ya chini yanatulia, na bahari ileile inafika nyuzi 13 hadi 15. Sasa sikieni: siku ileile niliyoganda, Muizenberg, chini ya saa moja kwa gari, maji yalikuwa nyuzi 20, maana kule upepo huohuo unayaleta maji ya juu ufukweni. Kule 3/2 inatosha kabisa kiangazi, na 4/3 unaitafuta kipupwe. Big Bay 4/3 ni mwaka mzima.

Haya mambo muuzaji hayajui? Kwetu mvuvi ukimuuliza habari za bahari anakwambia kusi au kaskazi, hakutajii mwezi. Huyu kazaliwa hapo, duka linatazama maji, anauza suti kwa kuangalia jua!

Jumatatu nikairudisha. "Imeshaingia maji ya chumvi, hatupokei." Suti ya baharini, wakuu! Nilitakiwa kuijaribia kwenye karai? Akaja meneja, badala ya pole akanitolea 4/3 bei kamili, tena saizi kubwa kuliko yangu, eti "upumue vizuri". Nikaipima. Mgongoni imepwaya, ngumi inapita. Hiyo si suti, hiyo ndoo. Nikatoka.

Nimenunua kwingine, 4/3 ya kubana, mishono imegundishwa kwa gundi badala ya kushonwa tu. Kuivaa ni mieleka, lakini wiki iliyopita nimekaa saa nzima na nusu Big Bay.

Kama kuna mdau wa Paje, Zanzibar, anayecheza kaiti (ule ubao unaovutwa na tiara), ninayo ya 2 mm, saizi M, imevaliwa dakika 12. Bei tunaongea, njoo PM.