Malai yanagoma kuwa siagi, naombeni ushauri

MamaZubeda_Bombo
Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Bombo, tuna ng'ombe mmoja chotara wa Friesian, na tukishauza maziwa ya asubuhi nabakiwa na lita tano hivi za nyumbani. Watoto wanapenda mkate wa siagi, lakini ile ya dukani siimudu kila wiki. Basi nachemsha maziwa, yakipoa naengua utando wa juu, naukusanya kwenye bakuli siku kadhaa, kisha natia kwenye chupa ya mdomo mpana natikisa. Povu linajaa, linakuwa zito, halafu linabaki hivyo hivyo, uji wenye mafuta mafuta usioachana na maji. Jirani kanishauri nitumie blenda, hali ni ileile. Anayejua anisaidie: tatizo ni ng'ombe, ni maziwa, au ni namna ninavyofanya? Friji ninayo, ila umeme wa hapa unakuja na kuondoka.

BintiKoboko
Waaleikum salaam Hajati. Unatikisa saa ngapi?

MamaZubeda_Bombo
Mchana, nikishamaliza kupika. Bakuli nalitoa kwenye friji mapema ili malai yalainike kidogo.

Mwokaji_Jinja
Huko kuyalainisha ndiko kunakokuponza, dada yangu. Ngoja nieleze, maana ukijua sababu hutahangaika tena.

Mafuta ya maziwa ni chembe ndogo sana, na kila chembe imevikwa ngozi nyembamba. Kusukasuka ni kuzigonganisha mpaka ngozi zipasuke na mafuta yashikane. Sasa, ili yashikane, lazima sehemu yawe yameganda na sehemu yawe laini. Mchana wa Bombo joto linafika digrii 27 au 28. Hapo mafuta yamelegea mno, yanatapakaa ndani ya malai badala ya kukusanyika. Ndio huo uji wako. Na ukiyatoa kwenye friji yakiwa na digrii 4 na kuanza papo hapo, yamekakamaa, utatikisa mpaka mabega yaume. Malai ambayo hayajachachuka yanataka digrii 10 hadi 14. Yaliyochachuka yanavumilia zaidi, hata 16. Huna kipimajoto? Shika chupa: uhisi ubaridi unaoingia kiganjani, lakini malai yamiminike bila kukatika mabonge. Na kabla ya siku ya kusukasuka yalale kwenye baridi usiku mzima. Kuyapoza saa moja hakutoshi, mafuta yanachukua muda kuganda ndani.

Kuhusu blenda: mota yake inatia joto. Ukiitumia, washa na kuzima, washa na kuzima.

Chupa usiijaze, theluthi moja au nusu inatosha. Utasikia maji maji yanapiga ukutani. Baadaye sauti inakufa, malai yamekuwa povu zito, unaona kama hakuna kinachosogea. Wengi wanakata tamaa hapo, na hapo ndipo pamekaribia! Endelea. Ghafla sauti inarudi, nzito zaidi, na kioo kilichokuwa cheupe kinaanza kujisafisha. Ukichungulia utaona punje za njano, ukubwa wa mtama, zinaelea kwenye maji meupe mepesi. Simama hapo. Ukiendelea hadi liwe bonge moja, hayo maji meupe, yaani mtindi, yanafungiwa ndani na siagi inachacha upesi.

Chuja. Mimina maji ya baridi yaliyokwisha kuchemshwa, zungusha, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Kisha kandamiza kwa mwiko wa mti uliolowekwa kwenye maji ya baridi, mkavu unanatwa na siagi. Chumvi laini, nusu kijiko cha chai kwa robo kilo.

DktMifugo_Lira
Mwokaji kaeleza vizuri, ila kuna jambo limepitwa. Hajati, unaengua baada ya kuchemsha. Ule utando wa maziwa yaliyochemka si malai matupu, una protini iliyogandishwa na moto. Unafaa sana kwa samli, na siagi pia hutoka, lakini yenye vipande vipande. Tena maziwa yaliyochemka sana hayapandishi malai vizuri kama mabichi.

Geuza mpangilio. Chuja maziwa mabichi, yaweke kwenye chombo kipana kwenye friji saa 12 hadi 24, engua malai ya juu. Hayo malai ndiyo uyapashe moto, polepole huku ukikoroga, yafike digrii 75 hadi 80 na kukaa hapo dakika chache. Kama huna kipimajoto, yaanze kutoa mvuke na viputo vidogo pembeni mwa sufuria. Poza haraka kwenye beseni la maji ya baridi, kisha friji usiku kucha. Maziwa yaliyobaki chini yachemshe, yanafaa kwa chai na uji.

Tafadhali usiruke hatua ya moto. Brusela ipo kwa ng'ombe wa Uganda, na mtu huipata kwa maziwa mabichi na vitu vilivyotengenezwa kwa maziwa mabichi, siagi ikiwemo. Homa inayokuja na kwenda, maumivu ya viungo, majasho ya usiku, na wengi hudhani ni malaria. Nawaona watu hao, wanateseka miezi.

Swali: ng'ombe wako ana muda gani tangu azae? Akikaribia kukauka, chembe za mafuta huwa ndogo na malai yake ni mabishi kusukika.

MamaZubeda_Bombo
Amezaa juzijuzi tu, Daktari. Shukrani, jambo la kuengua kabla ya moto sikuwahi kuambiwa na mtu.

Mstaafu_Kiruhura
Nimesoma yote kwa heshima. Lakini mama zetu huku Ankole hawakuwa na friji wala kipimajoto, na siagi ilitoka. Maziwa yanaachwa yagande, yanatiwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na mama anakaa kukisukasuka asubuhi kabla jua halijapanda. Hiyo alfajiri ndiyo friji yao. Siagi inayotoka ina harufu ya moshi na uchachu kidogo, na eshabwe, mchuzi wetu mweupe wa karamu, huanzia hapo hapo: samli, maji ya baridi na chumvi ya mawe, inapigwa mpaka iwe nyeupe. Mimi siiweki hii ya dukani kwenye mizani moja nayo.

DktMifugo_Lira
Afande, shikamoo. Utamu huo sibishani nao. Ila uchachu peke yake hauaminiki kuua brusela. Chemsheni maziwa kwanza, yapoe yawe vuguvugu, tieni vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, yalale yagande. Halafu kibuyuni alfajiri. Ladha inabaki, hatari inaondoka.

Mstaafu_Kiruhura
Marahaba. Hilo nimelikubali, nitamwambia na mke wangu. Na kwako Hajati, siku umeme ukikatika, njia hii haikuhitaji friji.

Kijana_Ntinda
Wakubwa, sisi wa Kampala tunaotumia maziwa ya pakiti tunaweza?

Mwokaji_Jinja
Maziwa mengi ya pakiti yamepitishwa kwenye mashine inayovunja chembe za mafuta, kwa hiyo malai hayapandi hata uyaache wiki. Nunua krimu yenyewe, au maziwa yasiyopita kiwandani kutoka duka la maziwa. Ukipata ya matangi, onja kwanza, mengine yameongezwa maji.

BintiKoboko
Na Hajati asitarajie kingi jamani. Lita tano za chotara zina mafuta gramu 180 hadi 200, na ukiengua kwa kijiko mengine yanabaki chini. Ukipata gramu 150 za siagi umefanya vizuri. Kusanya ya siku mbili tatu, yapashe moto kila siku, ndipo usukesuke kwa pamoja.

MamaZubeda_Bombo
Ndugu zangu, imetoka! Nimefuata njia ya Daktari na ya Mwokaji, nimetikisa baada ya swala ya alfajiri. Sauti ilikufa kweli, nikaendelea, ikarudi. Nimeosha mpaka maji yakawa safi. Ni ya njano kuliko ya dukani, inatoka hivyo kweli? Na nitaihifadhije kwa umeme huu?

DktMifugo_Lira
Hongera sana Hajati. Njano hiyo ni ya majani mabichi anayokula, kiangazi akila makavu itapauka. Si kasoro.

Mwokaji_Jinja
Hongera dada. Kata vipande vya siku mbili mbili, funga kila kimoja kwenye karatasi ya mafuta, kimoja nje kwa kula, vingine kwenye barafu. Umeme ukikatika muda mrefu usisubiri ichache: iyeyushe kwa moto mdogo mpaka iache kutoa mlio na masimbi yawe kahawia chini, chuja kwenye chupa kavu. Samli hiyo inakaa kabatini miezi bila friji. Na ule mtindi uliochuja usimwage, kandia unga wa chapati.

MamaZubeda_Bombo
Nimeshaunywa wote na watoto. Ijumaa nitakanda chapati.