Bili ya umeme imepanda: tupandishe bei ya chumba au tubane matumizi kwanza?

Swali
Wadau, hoteli ni ya vyumba 20, ina jiko na dobi ya ndani. Bei ya uniti imepanda, wageni ni walewale. Tuanzie wapi kabla ya kugusa bei?

Fundi wa mitambo
Mkuu, anza na mita. Isome saa 6 usiku na tena saa 11 alfajiri, jiko na dobi vikiwa vimefungwa. Tofauti igawe kwa 5: hizo ndizo uniti ambazo hoteli inakula kila saa ikiwa imelala. Usiku unaofuata zima saketi moja moja, dakika chache tu, uone mita inapunguza mwendo wapi. Mara nyingi ni hita za maji.

Maji ya moto ndiyo yenye pesa. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunataka uniti 46 na ushee. Pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la hewa na kulitia kwenye maji, ikiwa na ufanisi wa 3 (uniti 1 ya umeme hutoa 3 za joto) inafanya kazi hiyohiyo kwa uniti 16 hivi. Bado hujafika huko? Badilisha vichwa vya shawa: kutoka lita 15 kwa dakika hadi 8, na vika mabomba ya moto sponji. Ila tangi lisishuke chini ya nyuzi 60, tafadhali. Maji ya vuguvugu ndiyo makazi ya bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, na wageni huwavuta kwenye mvuke wa shawa.

Mpishi mkuu
Jikoni, bana karatasi kwenye mlango wa friji. Ikichomoka bila kukaza, mpira umechoka. Safisha vumbi na mafuta kwenye koili za nyuma, maana zikiziba kompresa haipumziki. Feni ya moshi ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi, umeme wake hushuka hadi karibu nusu.

Mhasibu
Kuhusu bei, gawa uniti za mwezi kwa vyumba vilivyouzwa, si vyumba vyote; chumba kimoja kwa usiku mmoja ni uuzaji mmoja. Uniti 3,000 kwa mauzo 300 ni 10 kila kimoja. Mauzo yakishuka hadi 200, uniti huenda zikashuka hadi 2,600 tu, yaani 13 kila kimoja, kwa sababu friza na taa za korido hazijui kama kuna mgeni. Msimu mbaya, wapange wageni ghorofa moja, nyingine uizime.

Fundi wa mitambo
Sawa, lakini kwenye ghorofa iliyozimwa fungulia mabomba yote, ya moto na ya baridi, kila wiki ili maji yasilale ndani yakazalisha Legionella.