Nasoma chipu ya baiosi (programu inayoamsha kompyuta), kila nikisoma dampu (nakala ya data za chipu) hazifanani. Niandike hivyo hivyo?

Kibanda_Moro: Wakuu habari za mchana. Nina laptopu ya mteja, betri ilishakufa siku nyingi, umeme ukakatika katikati ya apdeti ya baiosi. Sasa ukiwasha feni inazunguka, kioo cheusi. Chipu imeandikwa W25Q64FW. Nimeibana klipu ikiwa kwenye bodi, programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) ni CH341A ile nyeusi, kwenye kompyuta natumia programu ya NeoProgrammer. Mara chipu haijulikani, mara faili zima ni FF tupu (yaani hamna data), mara data zinatoka ila nikirudia zinakuja tofauti. Mtandaoni nimepata faili la modeli ile ile. Nifute niandike? Mama wa watu anaitaka kesho, hesabu za kikoba zimo humo.

chuma_ulete: Choma hilo faili tu mkuu, ikigoma choma tena.

Mzee wa Dampu: Usimsikilize huyo. Mdogo wangu, usifute kitu.

Soma herufi mbili za mwisho kwenye chipu. FV inakula volti 3.3, FW ni ya 1.8. Hiyo CH341A nyeusi inaipa chipu umeme wa 3.3, na nyingi zake hata nyaya za data zinatoa 5. Weka mita uone mwenyewe. Chipu bado kupona ni bahati. Tafuta adapta ya 1.8, kabodi kadogo kanakaa kati ya programa na klipu. Chomoa chaja, betri kubwa na ile ya kidonge. Waya mwekundu wa klipu ukae mguu wa kwanza, penye kinukta.

Ukibana vizuri, ID (namba ya utambulisho wa chipu) itakuja EF6017. Ikija FF au 00 tupu, klipu haijashika. Sugua miguu kwa spiriti ubane upya. Soma mara mbili, linganisha md5 (alama ya faili; faili zikiwa sawa nayo inakuwa sawa). Zisipofanana, bodi inaingilia, itabidi uinyanyue chipu.

Faili la mtandaoni lina serial namba ya mashine ya mtu mwingine, na ufunguo wa Windows pengine wake pia. Dampu yako hata ikiwa mbovu ndiyo yenye vya huyo mama, itunze. Na hesabu za kikoba ziko kwenye diski, siyo kwenye chipu. Chomeka diski kwenye mashine nyingine umpe leo, apunguze presha.

Kibanda_Moro: Shikamoo mzee. Adapta nimeipata, EF6017 imetoka, md5 zimelingana, faili ni baiti 8,388,608 kamili. Serial naiona, ila sehemu kubwa ya chini ni FF mfululizo. Hesabu mama keshachukua.

Mzee wa Dampu: Marahaba. Hapo ndipo apdeti ilipokatikia. Chukua baiosi kwenye tovuti ya mtengenezaji, ifungue kwa programu ya UEFITool. Mara nyingi haiji ikiwa na ukubwa wa chipu, kwa hiyo usiimwage juu ya chipu nzima. Pandikiza eneo la baiosi tu ndani ya nakala ya dampu yako, la ME (programu ya Intel inayokaa kwenye chipu hiyo hiyo) liache lilivyo. Serial ikiwa imo kwenye eneo hilo, ihamishe kwa heksi editori (programu ya kuhariri baiti za faili), ofseti ile ile, yaani mahali pale pale ndani ya faili. Kisha futa, andika, na verifai (kuhakiki kilichoandikwa) usiiruke.

chuma_ulete: Hizo adapta za 1.8 Kariakoo zinapatikana duka lipi? Yangu nayo inanisumbua.

Mzee wa Dampu: Wewe choma tena.